Chupa ya Seli Isiyokufa: Kusaka Virusi Waliojificha kwa Kusoma Umbo la Seli

Virusi wanaoua seli hawamsumbui sana mtu wa maabara. Unaingia asubuhi, unaweka chupa ya seli ulizootesha chini ya hadubini, unakuta mkeka wa seli umetoboka na nusu yake inaelea. Unajua kuna jambo, unatupa, unaanza upya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Taabu ya maambukizi sugu ni kwamba kifo chenyewe hakiji. Seli zinakula, zinagawanyika, zinajaza chupa kama kawaida, na kila ukizigawa kwenye chupa mpya unagawa na virusi.

Kinachobaki kukusaidia ni umbo. Seli iliyokaa na virusi kwa wiki au miezi hupanga upya tando zake, kiunzi chake, na mara nyingine hata idadi ya viini vyake. Hapa chini naanzia kwenye unachokiona na kurudi nyuma hadi kwenye sababu, pamoja na sababu ambazo si virusi kabisa, maana hizo ndizo nyingi. Nimeandika nikifikiria maabara ya kawaida: hadubini ya mwanga, inkubeta moja, mashine ya PCR (ya kunakili na kutambua DNA) ya kuazimana na jirani, na hadubini ya elektroni ambayo iko mji mwingine.

Kabla hujawalaumu virusi

Anza na vitu vya bei rahisi. Midia, yale maji ya kuoteshea seli, ikikaa muda mrefu huchoka: kirutubisho chake kiitwacho glutamini huvunjika yenyewe kwenye joto la 37°C na kutoa amonia, na amonia huvimbisha vifuko vya asidi vilivyomo ndani ya seli hadi vionekane kama vakuoli za ugonjwa. Badilisha midia, subiri siku mbili, tazama tena. Seramu (maji ya damu ya mnyama yanayoongezwa kwenye midia) iliyochemshwa 56°C kupita muda wake hutoa chembe ndogo nyeusi zinazotikisika, na nimeshaona watu wakimwaga chupa nzima wakidhani ni bakteria. Tripsini, kimeng'enya cha kuzing'oa seli chupani, ikiachwa kwa muda mrefu huzifanya seli ziwe duara na zichelewe kushika sakafu ya chupa.

Halafu mikoplazima, bakteria mdogo sana. Huyu ndiye msingiziaji mkuu wa virusi. Hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimgusi. Ni mdogo kiasi cha kupenya vichujio vingi. Na hachafui midia hata ukaona ukungu. Anachofanya ni kuzifanya seli zikue polepole, ziwe na punjepunje, zipoteze ule ung'avu wake. Niliwahi kuilaumu inkubeta kwa wiki tatu, nikaomba fundi, fundi akaja na kuondoka, kumbe ni mikoplazima. Paka rangi ya Hoechst, inayoshika DNA: kwenye seli safi inawaka kwenye kiini tu, kwenye seli zenye mikoplazima utaona nukta nyingi zikiwaka nje ya kiini na kwenye kingo za seli. Thibitisha kwa PCR. Usiendelee na hatua yoyote ya chini kabla ya kupata jibu hili.

Mwisho, toa kichupa cha mbegu ya zamani (seli za ukoo uleule zilizogandishwa mapema) kutoka kwenye naitrojeni na uioteshe sambamba, kwa midia ileile na seramu ileile. Zote mbili zikiharibika, tatizo lipo nje ya seli. Ya zamani ikibaki nzima, tatizo limo ndani ya zile ulizokuwa ukizigawa. Ila usifunge jalada mapema: kama virusi wameletwa na seramu, hata mbegu safi itaambukizwa, na huenda isionyeshe kitu hadi uigawe mara kadhaa.

Dalili: seli zina povu

Saitoplazimu imejaa matundu angavu, kiini kimesukumwa pembeni, seli inafanana na sabuni iliyokorogwa. Povu la midia iliyochoka hutokea chupa nzima kwa wakati mmoja. Povu la virusi mara nyingi huanza kama visiwa, kisha visiwa vinapanuka. Kama umebadilisha midia na visiwa bado vipo, jiulize: seli hizi zilitoka kwa mnyama gani, na zimewahi kuoteshwa karibu na seli za mnyama gani mwingine?

Kisa kinachofundisha zaidi hapa ni cha SV40. Mwaka 1960 Benjamin Sweet na Maurice Hilleman walieleza habari za kirusi kilichokuwa kimejificha kwenye seli za figo za kima wa Asia aitwaye rhesus, seli zilezile zilizokuwa zikitumika kutengenezea chanjo ya polio. Ndani ya seli za rhesus kirusi hicho hakikuacha alama ya kuonekana. Maji ya chupa hizo yalipomwagwa juu ya seli za figo za tumbili wa Afrika, saitoplazimu ikajaa vakuoli. Watu walikuwa wakitazama chupa hizo kila siku kwa miaka, kwa macho ya kitaalamu, na hawakuona kitu, kwa sababu kwenye chupa hizo hakukuwa na kitu cha kuona. Ilibidi seli za jamaa wa karibu ndizo ziseme.

Kutokana na kisa hicho nina kanuni moja ninayoithamini kuliko mashine yoyote: chupa usiyoiamini, chukua maji yake, yachuje, uyamwage juu ya seli za aina nyingine mbili au tatu, mojawapo iwe ya mnyama wa ukoo wa karibu. Zigawe mara tatu hivi ukiwa unatazama.

Sababu nyingine ya povu inawahusu wanaotumia seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye kiungo cha mnyama. John Enders na Thomas Peebles, mwaka 1954, walikuwa wakihangaika na kirusi cha surua walipokuta povu limejitokeza lenyewe kwenye seli za figo za kima ambazo hakuna mtu aliyeziambukiza. Leo tunajua ni virusi vya povu, ambavyo huishi na kima maisha yake yote bila kumuuguza, na huamka kiungo kikishatenganishwa seli moja moja na kuwekwa chupani. Kwa seli za namna hiyo, povu linalochelewa kuja si kosa lako. Alikuja nalo mnyama.

Dalili: seli zimeungana kuwa majitu

Protini ambayo kirusi huitumia kuingilia kwenye seli hujitokeza pia kwenye utando wa seli iliyokwisha kuambukizwa, na hapo huunganisha utando huo na wa jirani. Mipaka inafutika, viini vinakusanyika katikati au kujipanga kama pete. Paka rangi ya Giemsa, hesabu viini. Jitu la kweli lina viini vingi vya ukubwa unaolingana ndani ya saitoplazimu moja isiyo na mipaka. Seli zilizozeeka kwa kugawiwa mara nyingi nazo huwa na viini viwili au vitatu, lakini vya ukubwa tofauti, na zimetawanyika ovyo kwenye chupa.

Bingwa wa majitu ni surua. Ikiingia kwenye seli kwa nguvu, chupa nzima inaweza kuwa majitu kwa siku chache na kufa. Lakini surua inapogeuka kuwa sugu, kwa mfano kwenye HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabara nyingi), majitu hupungua. Protini za virusi zinazofika kwenye uso wa seli ni chache, huku ndani nyuzi za kirusi zikijazana, kwenye saitoplazimu na hata kwenye kiini, bila kupata njia ya kutoka. Jambo hilohilo linatokea kwa binadamu katika ule ugonjwa wa ubongo unaokuja miaka baada ya mtoto kupona surua: protini ya kirusi inayosimamia ufungaji wa chembe mpya mara nyingi imeharibika, na virusi vinaenea seli hadi seli bila kuchipuka nje. Kwa hiyo majitu machache yasiyoongezeka wala kuisha, wiki hadi wiki, yakutie wasiwasi kuliko majitu mengi ya ghafla.

Aina ya seli huamua mengi. Kirusi cha SV5 kwenye seli za figo za rhesus huzaliana kwa siku nyingi huku seli zikiwa na sura njema kabisa. Kirusi hichohicho, kikiwekwa kwenye BHK-21, seli za figo za kitoto cha hamsta, huziyeyusha kuwa jitu moja kubwa. Mtu anayesema "kirusi hiki hakiharibu seli" hajamaliza sentensi. Amalizie na seli za nani.

Dalili: seli zimeacha kuheshimiana mipaka

Seli za kawaida zikijaza sakafu ya chupa hutulia. Hizi hazitulii: zinapandiana, zinafanya vilima, zinakuwa nyembamba au duara. Ndani yake, nyuzi za aktini zilizokuwa zimevutwa kama kamba za hema zimelegea. Virusi wanaweza kufanya hivi bila kuua. Kirusi cha sarkoma ya kuku alichokieleza Peyton Rous mwaka 1911 huzigeuza seli za kuku kuwa duara huku zikiendelea kuishi na kutoa virusi. SV40 nayo huzigeuza seli za panya, ambazo haiwezi kuzaliana ndani yake vizuri.

Hata hivyo, hapa virusi si mtuhumiwa wangu wa kwanza. Mara nyingi umbo likibadilika hivi, ni kwamba seli za aina nyingine zimeingia kwenye chupa yako, nyingi zikiwa HeLa. Seli za HEp-2, ambazo kwa miaka zilitumika kama seli za koo, zilibainika kuwa HeLa. Kama seli ni za binadamu, peleka kipimo cha utambulisho wa DNA kabla ya kununua kitendanishi chochote cha virusi.

Dalili: madoa ndani ya seli

Baada ya kupaka rangi unaona doa moja au zaidi, limezungukwa na pete angavu. Kwenye kiini, fikiria virusi vya jamii ya malengelenge, au surua. Kwenye saitoplazimu, fikiria kichaa cha mbwa: Adelchi Negri aliyaeleza madoa yake mwaka 1903, na leo inajulikana kwamba ni karakana ambamo kirusi hujinakili. Kichaa cha mbwa kwenye seli za maabara ni mfano safi wa maambukizi sugu, kwani seli huweza kujaa protini yake huku mkeka ukiwa mzima. Kingamwili yenye rangi ya kuwaka humfichua kwa saa chache. Sihitaji kusema kwamba ukishuku hicho, kazi inasimama hadi msimamizi wa usalama ajue.

Dalili: chupa inakufa nusu, inafufuka, inakufa tena

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu kuliko zote. Wiki moja seli zinang'oka kwa wingi, unaiandikia chupa hatima yake, wiki inayofuata mkeka umefunga kama hakuna kilichotokea. Kisha inarudia.

Sababu kubwa ni chembe pungufu: virusi waliozaliwa na jenomu iliyokatwa. Peke yao hawawezi kuzaliana. Wakiwa na kirusi kizima ndani ya seli moja, hutumia mashine zake na kujinakili haraka kuliko yeye, kwa kuwa jenomu yao ni fupi. Wakizidi, kirusi kizima kinakosa nafasi na seli zinapumua. Kirusi kizima kikipungua, chembe pungufu nazo hukosa wa kumtegemea, zinapungua, na kirusi kizima kinarudi na kuua. Alice Huang na David Baltimore waliliweka wazo hili vizuri mwaka 1970. Ukipima wingi wa virusi kila siku tatu na kuchora grafu, utaona vilima na mabonde badala ya mstari.

Kwenye Vero jambo hili lina uzito wa pekee. Seli hizo, zilizoanzishwa kutoka figo ya tumbili kule Chiba, Japani, mwaka 1962, haziwezi kutengeneza intaferoni yake, protini ambayo seli hujikingia na virusi. Jeni husika zimepotea. Breki ya kawaida haipo, kwa hiyo maambukizi yakiwa sugu kwenye Vero, tafuta breki nyingine, na chembe pungufu ziwe za kwanza kwenye orodha yako. Kipimo: punguza virusi kwa kuzimua mara elfu kadhaa kabla ya kuambukiza seli mpya. Chembe pungufu na kirusi kizima hazitakutana tena kwa urahisi ndani ya seli moja, na kifo cha kawaida kitarudi.

Dalili: hakuna dalili

Seli nzuri, matokeo mabaya. Jaribio lililokuwa likifanya kazi limeacha kufanya kazi. Virusi unavyoweka havikui. Mwenzako chumba cha pili anapata jibu jingine kwa seli za jina lilelile.

Anza na seramu. Kirusi cha kuhara cha ng'ombe, BVDV, kina aina isiyoharibu seli. Ng'ombe mwenye mimba akiambukizwa mapema, kinga ya ndama aliye tumboni hukitambua kirusi kama sehemu ya mwili wake, na ndama huyo hubaki nacho maisha yote. Sasa, seramu tunayoitumia hutoka kwa ndama walio tumboni, na damu ya wengi huchanganywa pamoja. Mmoja anatosha. Seli za ng'ombe kama MDBK hukipokea kirusi hicho na kuendelea na maisha. Umbo halitakuambia chochote. Kingamwili ya kuwaka au PCR itakuambia. Nunua seramu iliyopigwa mionzi ya gama, na bado ipime.

Nguruwe nao wana yao. Seli za PK-15 zilibainika mwaka 1974 kuwa na kirusi kidogo sana, PCV1, kisichoziharibu. Mwaka 2010 DNA ya kirusi hicho ilikutwa kwenye chanjo moja ya rotavirusi, na ikafuatiliwa hadi kwenye akiba ya seli za kutengenezea. Hakijulikani kumdhuru binadamu, na baada ya uchunguzi chanjo iliendelea kutumika, lakini inaonyesha jinsi chupa safi machoni inavyoweza kupita kwenye mikono mingi.

Kama huna PCR ya kila kirusi, tumia ujanja wa zamani. Mwaga chembe nyekundu za damu ya simbilisi (guinea pig) juu ya seli: zikinata, kuna protini ya kirusi cha jamii ya mafua au matubwitubwi kwenye utando. Au tumia kirusi kingine kama shahidi. Rubela ilipatikana hivyo mwaka 1962: haikuharibu seli za figo za tumbili, ila seli hizo zilipowekewa kirusi cha ECHO 11 kinachoua, zikagoma kufa. Seli inayokataa kufa inapostahili kufa tayari ina mpangaji.

Seli za mbu zina sheria zake

Ukihama kutoka seli za wanyama kwenda C6/36 au seli nyingine za mbu, sahau nusu ya yaliyotangulia. Chikungunya, kirusi chenye jina la Kimakonde kutokana na mlipuko wa 1952 kule Newala, huua Vero kwa siku moja au mbili. Kwenye seli za mbu huzaliana, kisha hupungua na kukaa kwa miezi. Kwenye seli ya mnyama chembe mpya huchipuka kwenye utando wa nje. Kwenye seli ya mbu nyingi huundwa ndani ya vifuko vya saitoplazimu, na seli haivunjiki.

Na usidhani seli za mbu ni safi kwa kuanzia. Mwaka 1975 Victor Stollar na mwenzake Thomas walichukua maji ya seli za *Aedes aegypti* zisizo na dalili yoyote, wakayaweka kwenye seli za *Aedes albopictus*, nazo zikaungana kuwa majitu. Kirusi kilikuwamo muda wote. Baadhi ya C6/36 nazo zimekutwa na densovirusi, virusi vidogo vya wadudu. Zipime seli zako kabla ya kuandika kwamba kirusi chako ndicho kilichobadilisha umbo.

Hadubini ya elektroni inapostahili safari

Dengi hutengeneza vifuko vya kama nanomita 90 ndani ya mtandao wa tando za seli, na virusi vya korona hutengeneza vifuko vya tando mbili. Hivyo hutaviona kwa mwanga hata ukikodoa macho. Peleka sampuli pale vipimo vingine vinaposema "kuna kitu" bila kukitaja, na hakikisha seli zilizoambukizwa si moja kati ya elfu.

Mtafiti wa London, Anthony Epstein, alikuwa na bahati na subira pamoja. Vipande vya uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto, vilitoka Kampala kwa ndege; mzigo mmoja, Desemba 1963, ulicheleweshwa na ukungu wa London na kushushwa Manchester. Maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga kwa kudhani ni bakteria, yalitazamwa, na kumbe zilikuwa seli hai zinazoelea. Mwaka 1964 chembe za kirusi zilionekana kwenye seli chache tu kati ya zilizooteshwa. Nyingine zote zilikuwa nacho pia, kimelala.

Baada ya kumpata

Jua kwanza ni hali ipi. Otesha seli moja moja hadi kila moja izae ukoo wake, upime. Kama koo chache tu zina virusi, maambukizi yanahamahama, na kingamwili ya kuwazuia virusi ikiwekwa kwenye midia kwa vizazi kadhaa inaweza kuyamaliza. Kama koo zote zina virusi, kirusi kinarithiwa seli inapogawanyika na kingamwili ya nje haitakifikia.

Kwa seli unazoweza kupata tena, usitibu. Klorini, otoklevu 121°C, futa kabati, fungua mbegu ya zamani, badilisha seramu. Kutibu ni kwa seli zisizo na mbadala, na hata hapo ziache bila dawa vizazi vitano au zaidi kabla ya kupima tena.

Na ukifanikiwa, badilisha jina kwenye kichupa. Rafi Ahmed na wenzake walionyesha mwaka 1981, kwa seli za L (za panya) na kirusi cha reo, kwamba katika maambukizi sugu seli na kirusi hubadilika pamoja: ndani ya seli zilizosafishwa, virusi vya asili havikukua kama vilivyokua kwenye seli za mwanzo. Ukiziandika "L" tu na kuzirudisha kwenye naitrojeni, mwenzako atazitoa mwaka kesho na kutafuta tatizo ambalo halipo kwenye midia, halipo kwenye seramu, wala halipo kwenye inkubeta.